Doti Niliyomnyima Uledi

Siku aliyofariki Uledi, kipaza sauti cha msikiti kilitangaza kwamba marehemu ni Uledi fundi mota wa Gerezani, na kwamba maziko ni baada ya alasiri. Nilikuwa barazani kwangu Mtaa wa Sikukuu nachambua mchele. Nikasimamisha mkono, nikasubiri waongeze neno. Hawakuongeza. Mtu alipiga gitaa mpaka vioo vya ukumbi vikatetemeka, leo anaondoka na jina la mota.

Sikuwalaumu. Waliotangaza wamezaliwa juzi. Sisi tunaojua tumebaki wachache, na katika hao wachache mimi ndiye niliyekuwa na sababu kubwa ya kunyamaza.

Jina langu Badria binti Abbasi. Baba yangu alikuwa karani bandarini, na nyumba ninayokaa aliijenga babu yangu, enzi ambazo Kariakoo ilikuwa na mashamba nyuma ya nyumba. Nimesoma mpaka darasa la saba, lakini kwa hati yangu wajukuu bado wananiletea kadi za harusi niandike majina ya waalikwa. Najisifu, ndiyo. Nataka mjue nilikuwa mtu wa namna gani mwaka sabini na nane, maana bila hilo hamtaelewa nilichokifanya.

Uledi alikuja mjini kutoka Lindi akawa kuli bandarini. Alikuwa mrefu, mwembamba, kafuga nywele kama kichaka. Baharia mmoja aliumwa jino, Uledi akampeleka kwa mtu wa kumng'oa, na yule baharia akamlipa kwa santuri tatu za roki. Santuri anazo, mashine ya kuzipigia hana. Basi akawa anakwenda kwa muuza redio Mtaa wa Swahili, anamfagilia duka na kumwagia maji mlangoni, ndipo anapigiwa upande mmoja. Kila siku upande mmoja. Makuli wenzake walikuwa wakimcheka kwa sababu alikuwa akibeba gunia la sukari huku vidole vya mkono wa kushoto vinacheza juu ya gunia.

Baadaye akaacha ukuli, akajifunza kusuka mota Gerezani. Kusuka mota ni kutoa waya ulioungua ndani na kuuzungusha mpya, mizunguko mamia kwa mamia, bila kukosea. Huko ndiko alikopata akili ya kulifungua gitaa kuukuu alilojinunulia na kuzisuka upya zile sumaku za chini ya nyuzi kwa waya wa mota. Gitaa likatoka na sauti ambayo mji huu haukuwa nayo. Lilikuwa linapiga ukelele kama bati linalokatwa kwa msumeno, halafu hujakaa sawa linakubembeleza mpaka unaona haya.

Bendi aliyopigia iliitwa Mapigo Saba. Mkuu wake na mwimbaji wake alikuwa Benedict, mtu wa suti nyeupe na meno mazuri. Kila Jumapili mchana walipiga bugi, yaani dansi la vijana, kwenye ukumbi mmoja karibu na Mnazi Mmoja. Benedict alitaka gitaa litiririke taratibu nyuma ya sauti yake kama la bendi nyingine. Uledi akijisahau, gitaa likaanza kupiga kelele zake za roki, Benedict alikuwa anachukua gunia la katani lililowekwa maalumu pale jukwaani, anaifunika nalo amplifaya ya Uledi, yaani lile kasha linalotoa sauti ya gitaa, sauti inafifia. Watu wanacheka mpaka wanapiga meza. Uledi hakugombana naye. Wimbo ukiisha analikunja gunia vizuri, anamrudishia.

Sasa, siku hizo mpigaji akikukuna, unainuka kumtunza. Unapita katikati ya ukumbi kwa mwendo wako, watu wote wanakutazama, unambandika noti kwenye paji la uso au unamvika khanga mabegani. Mwanamke wa mjini alijulikana kwa namna anavyotunza. Lakini aliyetunzwa ni mwimbaji. Mpiga gitaa alikuwa kama taa ya ukumbi, unaikumbuka siku ikizimika.

Alhamisi moja Uledi akaja barazani kwetu. Alisimama, hakuthubutu kukaa, baba alikuwa ndani.

"Dada Badria, Jumapili utakuja bugi?"

"Kwani lini nimekosa?"

"Nina kipande nimekitunga. Cha roki, hakina maneno. Benedict kanipa Jumapili hii moja tu. Kasema akiinuka mtu hata mmoja kunitunza mimi kwa kile kipande, basi nitakuwa nakipiga kila wiki na gunia atalitupa. Asipoinuka mtu, nipige anavyotaka yeye au nimwachie bendi yake."

"Na mimi unaniambia ili iweje?"

Akatazama ndala zake. "Akiinuka mwingine wataona mmoja kainuka. Ukiinuka wewe, ukumbi mzima utainuka."

Nikamjibu kwamba nitaona. Lakini moyoni nilishakubali, na nadhani alilijua hilo kwa sababu aliondoka anapiga mluzi. Kesho yake nikapanga foleni dukani tangu asubuhi, nikapata doti ya khanga nyekundu yenye pindo nyeusi, mpya, haijakatwa.

Jumapili nikakaa na shoga yangu Sofia, naye mtu wa kusini kama Uledi. Akaiona khanga kwenye kikapu.

"Hiyo unampelekea nani?"

"Tulia. Macho si unayo?"

Uledi akakipiga kipande chake. Mwanzoni watu waliguna. Halafu wakaacha kuguna. Kilianza kama mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya pili ya maji ya Magogoni na haitikiwi, akazidi kuita, akakasirika, mwisho akawa anaongea peke yake kwa upole. Nikaichukua doti yangu, nikainuka. Nilivaa gauni la bluu, nililishona mwenyewe. Ukumbi ukageuka.

Nilipopita meza ya wanawake wa mtaani kwetu, mmoja akasema, wala hakunong'ona, "Mtoto wa karani Abbasi anamfuata kuli." Mwingine akadakia, "Mwambie akubebee na mzigo basi." Wakacheka.

Ni hayo tu. Hakunishika mtu, hakunizuia mtu. Miguu iliendelea kwenda, nikapanda jukwaani, na Uledi aliponiona nafika akainamisha shingo ili nimvike, huku vidole vyake havijaacha nyuzi. Nikampita. Nikamvika Benedict, ambaye muda huo wala hakuwa anaimba, alikuwa amesimama kando anajifuta jasho.

Ukumbi ukapiga makofi na vigelegele. Uledi akanyanyua shingo. Alikimaliza kipande chake chote, hakukikatisha, hakukiharibu. Kisha akachomoa waya, akalivisha gitaa mfuko wake, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mapigo Saba hakurudi tena, na bendi nyingine hakuitafuta.

Niliporudi mezani Sofia alikuwa amesogeza kiti chake kando. Baada ya mwaka mmoja akaolewa na Uledi.

Tumekaa mji mmoja miaka arobaini na kitu. Feni zangu zote kazisuka yeye, na mota ya kuvutia maji pia. Akinikuta njiani ananisalimia, "Dada Badria, hujambo," kama hapakuwahi kutokea jambo. Kuna siku niliichukua feni nzima kabisa, nikampelekea Gerezani, nimejiandaa nimwombe radhi. Akaniuliza inasumbua nini. Nikasema inazunguka polepole. Akasema iache, njoo Jumatano. Jumatano nikaenda, akaniambia haina ubaya wowote, akanifungia kwa kamba nibebe vizuri. Akanitazama kidogo. Nikashukuru, nikaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu, na sikuipata nyingine.

Ilipokwisha arobaini yake akaja kwangu bwana mmoja anaitwa Godbless, mtu mzima wa miaka hamsini na zaidi, anapiga gitaa la kwaya kanisani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu ukae."

Akaniambia kwamba Uledi ndiye aliyemfundisha. Miaka yote ile hakuacha gitaa. Alikuwa analipiga kiwandani kwake Gerezani, katikati ya kelele za mashine za kusaga vyuma, mahali ambapo hakuna wa kumsikia wala wa kumfunika. Godbless anataka kulipiga lile gitaa Jumapili, kumkumbuka mwalimu wake, na Sofia kamwambia mimi nisikose.

"Mtapigia wapi? Nyumbani kwa mjane?"

"Hapana mama. Bi Sofia amesema nyumbani kwake ni dua tu. Gitaa lilikuwa la kiwandani, likapigwe kiwandani."

Nikaenda dukani Mtaa wa Kongo. Nikatafuta doti nyekundu yenye pindo nyeusi, muuzaji akachoka na mimi, akaniambia bibi hizi zote nyekundu. Nikamwambia wewe huoni. Nikaipata duka la tano.

Jumapili mafundi walikuwa wamezima mashine na kufagia. Tulikuwa watu kama thelathini, wengine kwenye mabenchi, wengine wamekalia maboksi ya gia. Nikakaa karibu na Sofia. Mbele yetu ilikuwepo amplifaya aliyoitengeneza Uledi mwenyewe, kaiweka ndani ya kasha la mbao la chai. Godbless akasema, "Hiki ni cha Mzee Uledi, hakina maneno," akaanza.

Kilikuwa kilekile. Yule mtu anaita ng'ambo, haitikiwi.

Nikamwambia Sofia, chini chini, "Wewe siku ile mbona hukuinuka?"

"Hakuniomba mimi," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Mimi ningemvika hata kitambaa cha kichwa changu, Badria. Lakini alikuwa anakusubiri wewe."

"Alikuwa anakitaja kisa kile?"

"Kwa lipi? Ukiumia mguu unautaja kila siku? Unachechemea tu."

Sikuweza kukaa baada ya hapo. Nikatoa doti kwenye mfuko, nikainuka. Magoti yangu siku hizi hayana adabu, nikawa natembea nimeshika bega la huyu na la yule. Hakucheka mtu. Vijana wakatoa simu zao kunipiga picha. Godbless aliponiona akainamisha shingo, kama yule. Nikamwambia, "Si yako, baba." Nikaikunjua doti, nikaivika ile amplifaya, nikaiviringisha mara mbili kama ninavyomvika mtu mabegani, nikaiweka sawa pindo.

Watu wakapiga makofi. Nikasimama pale, nimenyoosha mgongo, nikihisi angalau hilo nimelitimiza.

Halafu nikasikia. Gitaa lilikuwa limerudi chini, limezibwa, kama linapigwa nyumba ya pili. Sauti hiyo naijua. Ni sauti ya gunia la Benedict.

Godbless aliendelea kupiga, kwa heshima yangu. Aliyekuja ni Sofia. Akanishika kiwiko.

"Umemfunika, Badria."

Nikashindwa kuona ncha iko wapi. Tukaifungua wote wawili, yeye upande huu, mimi upande ule. Ulipotoka mzunguko wa mwisho, ile sauti ikaruka nje, ikagonga bati la kiwanda, na abiria wa basi la mwendokasi lililokuwa linapita wakageuza shingo kutafuta inakotoka.

Nikampa Sofia doti aichukue. Akatikisa kichwa.

"Mimi sikupiga gitaa," akasema. "Kaa nayo."

Akanisogezea nafasi kwenye benchi. Tukakaa, doti ipo magotini kwangu haijakatwa, tukakisikiliza kipande mpaka pale mwisho ambapo yule mtu anaongea peke yake.