Alumini ya Kwenye Majivu

Sufuria kubwa la mama lilitoboka kitako siku chache kabla ya mnada. Ndilo analopikia nyama mnadani hapa Bariadi, na mama lishe akikosa mnada mmoja tu, unaofuata anakuta mwingine ameshawasha moto mahali pake. Akalipeleka kwa mjomba, kaka yake, ambaye anayeyusha alumini na kusubu masufuria.

"Nitaliyeyusha nikusubie jipya," mjomba alisema, "lakini dada, likiingia motoni halirudi lote. Sehemu yake inaungua. Tafuta alumini ya kuongezea."

Hatukuwa nayo. Skrepa yote inabebwa na wanunuzi wa Lamadi. Mjomba akatuonyesha rundo la majivu nyuma ya karakana. Ni povu analoengua juu ya alumini iliyoyeyuka, na kulimwaga lipoe. Alisema ndani yake kuna punje za alumini zimenasa.

"Twangeni, mpepete. Maji msiweke."

Mama aliwahi kuosha mchanga wa dhahabu machimboni. Kwake, kitu cha maana kikichanganyika na uchafu kinaoshwa tu. Akaloweka nusu ya majivu kwenye beseni. Beseni likapata joto lenyewe, likatoa mapovu, na harufu ya mkojo ikajaa uani.

"Mayu, mbuzi wenu siku hizi wanakojolea ndani?" jirani akamuuliza mama.

Mjomba alipouona ule uji wa kijivu akaukataa. "Hii ikiingia motoni inalipuka usoni kwangu."

Nusu iliyobaki tuliitwanga kavu kwenye kinu. Majivu yanakuwa unga, lakini alumini haivunjiki, inalala bapa. Nilipepeta nikiwa nimeipa njia mgongo, maana wanafunzi wenzangu hupita pale. Haikusaidia.

"Leo ugali wa chuma?" mmoja akaita.

"Njoo na mboga," mama akamjibu. Mimi niliangalia ungo.

Mjomba aliinua kifuko chetu cha punje, akakishusha. "Haitoshi vizuri."

"Wewe mimina," mama akasema.

Akalivunja sufuria la zamani kwa nyundo, akaliyeyusha pamoja na punje zetu, akamimina kwenye kalibu ya mchanga. Alumini ikaisha kwenye chungu cha kumiminia kabla kalibu haijajaa. Alipoubomoa mchanga, sufuria lilikuwa zima, kitako kizima, ila sikio moja la kushikia halikuwepo.

"Sasa dada, utaliepuaje peke yako?"

Mama akanitazama. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo nikaenda kutafuta gunia la kushikia.

Siku ya mnada nilishika ukingo wa upande usio na sikio, kwa gunia lililokunjwa. Wanaume waliokuwa wanasubiri nyama walinitazama wote. Nilihisi masikio yangu yanachemka kuliko mchuzi.

"Kumbe una binti, mayu," mzee mmoja alisema. "Mbona unamficha?"

"Anajificha mwenyewe," mama akamjibu, akanigeukia. "Mama, tayari? Inua."

Tukainua. Mchuzi kidogo ulinimwagikia mguuni, lakini nyama haikudondoka. Mama akaanza kupakua, akaniambia nisiende mbali, sufuria litarudi motoni mara ya pili.