Shuka Ambalo Dobi Hajalifua

Saa nne na robo asubuhi, mvuke umeshajaa chumbani hadi kioo cha dirisha kimekuwa cheupe. Mwanamke mrefu, aliyevaa gauni pana lisilo na mkanda, anapitisha pasi juu ya shuka bila haraka yoyote na dunia. Pasi inakwenda, inarudi. Kisha anaisimamisha, anakunja mkono wa gauni na kuutazama mkono wake kama mtu anayechungulia mlangoni baada ya kusikia hodi.

"Bado hawajaja," anasema. Anashusha mkono wa gauni na kuendelea na kazi.

Anaowasema ni mabaka. Yeye huyaita wageni, kwa sababu huja bila taarifa, huvimba, huwasha hadi mtu akatamani kuivua ngozi aitundike kambani, na baada ya saa chache huondoka bila kuacha hata alama. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," anasema. "Hawa wangu nimewapa jembe mwaka wa tatu huu. Hawalimi, hawaagi."

Mtaani wanamwita Mama Mnyoosho. Wateja hutania kwamba suruali ikitoka mikononi mwake, uivae kwa uangalifu, mkunjo wake usije ukakukata. Ana miaka arobaini na sita, na kazi ya udobi aliirithi kwa shangazi yake aliyemlea. Ana vyumba viwili na ua. Chumba cha mbele mdogo wake wa kike anapokea nguo, cha nyuma ni cha pasi, na uani kuna kamba nne ambako mashuka huvimba na kutulia kila upepo ukipita. Ukikaa pale nusu saa, macho yanaanza kuwa mazito bila sababu.

Kwenye ukuta wa chumba cha pasi, msumarini, linaning'inia shuka kuukuu lililoshonwa nyuzi za rangi, mistari kwa mistari. Lina doa la chai pembeni. Halijafuliwa kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Dobi gani huyo, utauliza, na mimi niliuliza vilevile.

Jibu linaanzia kwa shangazi. Bibi yule hakujua kusoma wala kuandika, na hakuwahi kupoteza hata soksi ya mtu. Kila mteja alikuwa na uzi wake, alioushona mwenyewe kwenye pindo la nguo: mishono miwili ya kijani ya mwalimu, mitatu ya njano ya mwenye duka, mmoja mwekundu wa mjane wa kona. Mpaka leo Mama Mnyoosho hufanya hivyohivyo. Shangazi alikuwa na onyo moja tu, nalo alilirudia mpaka likachosha: alama ikidanganya, nguo inapotea.

Miaka mitatu iliyopita, asubuhi moja, aliamka na mabaka mapajani, mapana kama viganja. Kufika adhuhuri yamekwisha. Kesho yake yakaja shingoni, keshokutwa mgongoni. Akaenda kliniki, akakaa foleni toka asubuhi akijikuna, na alipoitwa ndani ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Daktari akamtazama. Yeye akamtazama daktari.

"Nilitoka nyumbani mgonjwa, nikafika hospitali mzima," anasema, na anacheka mpaka anaweka pasi chini. "Hiyo ilinitokea mara nne. Ya tano niliona aibu kwenda."

Alichofanya badala yake ni kile ambacho dobi tu angekifanya. Nguo ikimwasha mteja, kila dobi anajua, haijasuuzwa vizuri. Basi akajisuuza. Alioga maji matupu mara tatu kwa siku, akabadilisha sabuni hadi muuza duka akadhani anafungua duka lake, akasuuza nguo za nyumba nzima mara tano tano. Kwa hofu akasuuza hivyohivyo na za wateja, wanga ukaisha kwenye kola, na wazee wa heshima wakaenda ibadani kola zimelala kama masikio ya mbwa aliyegombezwa. Wageni hawakujali. Waliendelea kuja.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na nalo lilitoka kwenye kazi yake. Dobi hachanganyi nguo: nyeupe huku, za rangi kule, za sufu peke yake. Mabaka hayakuja peke yake. Siku hizo vidole vilimkaza asubuhi akashindwa kufungua kibanio, magoti yakauma, tumbo likachafuka, kichwa kikagonga, uso ukawaka moto. Wakati mwingine moyo ulianza mbio naye amekaa tu. Na kulikuwa na uchovu. Anapousimulia, sauti yake inashuka.

"Si ule wa kazi. Wa kazi naujua, ukilala unaisha," anasema. "Huu ni kama umevaa blanketi lililolowa. Unaamka nalo."

Kila kimoja alikipeleka mahali pake. Magoti aliyapeleka duka la dawa, akapewa ya kuchua. Tumbo alimweleza mama yake mzazi, akaambiwa apunguze pilipili. Mabaka aliyapeleka kliniki, akaandikiwa vidonge vinavyolewesha kwa usingizi. Uchovu aliuita uzee, na moyo hakumwambia mtu, kwa kuwa aliogopa jibu. Hakuna hata mmoja kati ya watu hao aliyewahi kusikia yote.

Vile vidonge vilimfanya aelee. Anakumbuka akipiga pasi akaona mashuka ya uani yanapita dirishani polepole, yamebeba watu wa zamani, shangazi akiwa katikati anahesabu vibanio. Akamwamkia. Alipozinduka, suruali ya mumewe ilikuwa inatoa moshi, na umbo la pasi limebaki nyuma pale pa kukalia. Mumewe, fundi baiskeli mwenye maneno machache, aliivaa hivyohivyo kazini mwezi mzima. Wenzake walipomcheka aliwajibu kwamba mkewe amempiga mhuri asiibiwe.

Kisha akaja matroni. Hosteli ya chuo ndiyo mteja wake mkubwa: mashuka themanini kila wiki, zaidi ya nusu ya kazi yake yote. Siku hiyo matroni alikuja mwenyewe, akamkuta midomo imevimba na mikono imejaa mabaka mekundu juu ya shuka jeupe la hosteli. Alirudi nyuma hatua moja. Mama Mnyoosho aliiona ile hatua, na anasema ilimuuma kuliko kuwashwa kote.

"Mimi pale nina watoto wa watu," matroni alimwambia. "Niletee karatasi ya daktari inayosema huu ugonjwa hauingii kwenye shuka. La sivyo, muhula ukifungwa, na sisi tumefunga."

Muhula ulikuwa umebakiza wiki saba. Karatasi ataipata wapi, mtu ambaye ugonjwa wake unamkimbia daktari? Jioni ile alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalia kwa sauti. Mdogo wake alimwacha alie, kisha akamuuliza jambo ambalo, anasema leo, lilimwokoa.

"Dada, nguo za watu mia moja hujawahi kusahau hata moja. Mbona siku zako mwenyewe unazisahau?"

Alikuwa anamkumbusha kwamba kliniki, kila alipoulizwa yameanza lini na yanakuja mara ngapi, alijibu "mara kwa mara" na kuinamisha kichwa. Kesho yake Mama Mnyoosho alichukua shuka kuukuu na sindano. Siku moja, mstari mmoja. Uzi mwekundu wa mabaka, bluu wa viungo, njano wa tumbo, kijani wa kichwa, mweusi wa moyo, kijivu wa uchovu. Siku isiyo na kitu, mstari unaachwa mweupe. Kila siku saa kumi jioni, kabla ya kufunga, alishona, hata vidole vilipogoma na mishono ikatoka kama ya mtoto wa darasa la kwanza.

Wiki ya sita ilipoisha, alilikunja shuka, akaenda kwa daktari wa ngozi katika hospitali kubwa. Na kama kawaida yao, wageni walikuwa wameondoka. Ngozi safi. Safari hii hakuinamisha kichwa, alilitandaza shuka juu ya kitanda cha wagonjwa.

Daktari, mwanamke wa makamo, aliinama juu yake. Alipitisha kidole kwenye mistari, akarudi juu, akapitisha tena. Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia, na Mama Mnyoosho anasema alisikia kila mfagio.

"Mama," daktari alisema mwishowe, "uzi mwekundu unapokuwa mwingi, hizi nyingine zote zipo. Unapopungua, zinapungua. Kwa nini hukumwambia mtu habari ya moyo?"

"Nilidhani hapa ni pa ngozi."

Daktari alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akamweleza kwamba mabaka ya aina hiyo, yakidumu zaidi ya wiki sita, huitwa urtikaria sugu, na mara nyingi chanzo chake hakionekani: si sabuni, si pilipili, si mkosi. Akamweleza kuwa si kila mwenye mabaka hayo hupata na mengine, lakini wapo ambao siku yakichachamaa, mwili mzima huitikia, viungo, tumbo, kichwa, moyo, na uchovu usiosikia usingizi. Hata hivyo hakutaka kubahatisha. Alimpima damu, moyo na tezi ya shingoni, kuhakikisha hakuna ugonjwa mwingine uliojificha chini ya nyuzi zile. Majibu yalirudi salama. Akambadilishia dawa, akampa za kila siku zisizolewesha, na akamwonya kwa ukali: siku ulimi ukivimba au pumzi ikibana, asishone uzi, akimbilie hospitali.

Nilimuuliza alijisikiaje pale. Alikunjua foronya ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

"Nililia tena," alisema. "Lakini kilio kingine. Miaka miwili nilikuwa mama wa magoti, mama wa tumbo, mama wa vipele. Siku ile nikawa mtu mmoja."

Karatasi aliipeleka hosteli siku tatu kabla muhula haujafungwa. Iliandikwa kwa ufupi kwamba ugonjwa huo hauambukizi, kwa mkono wala kwa shuka. Matroni aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Kisha akaomba kuona lile shuka aliloambiwa habari zake, maana mtaa hauna siri. Alipoonyeshwa, aliuliza uzi wa kijivu ni wa nini. Akajibiwa. Hakusema pole wala samahani, si mtu wa maneno hayo.

Jumatatu iliyofuata mashuka themanini yalikuja kama kawaida. Juu yake kulikuwa na kifurushi kidogo: gauni la kulalia la matroni mwenyewe, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumpa mtu nguo yake ya ndani afue. Mama Mnyoosho alilishonea uzi wa zambarau, rangi ambayo hakuwa nayo mteja mwingine.

Hajapona, na hapendi watu waseme amepona. Wapo wageni wanaokuja wiki mbili mfululizo na wapo wa siku moja. Amejifunza kazi upya: anapiga pasi ameketi, amevua mkanda kwa sababu unapobana ndipo mabaka yanapotokea, na siku ya blanketi lililolowa anamwachia mdogo wake pasi na kukaa uani kutazama mashuka yakipumua. Zamani alijiita mvivu kwa hilo. Sasa anashona uzi wa kijivu na kunywa chai yake.

Ana ndoto moja. Daktari amemwambia kwamba kwa watu wengi ugonjwa huu hutulia wenyewe siku moja, ingawa hakuna ajuaye lini. Basi Mama Mnyoosho amejiwekea: mistari thelathini ikifuatana myeupe, atatoa nyuzi zote moja moja, atalifua shuka lile, atalitia wanga, atalinyoosha na kulitandika kitandani kwake na kwa mumewe. Kipande cha sabuni ya siku hiyo kipo rafuni, bado kwenye karatasi yake. Hakuna anayeruhusiwa kukigusa.

Siku niliyomtembelea ilikuwa ya ishirini na sita. Ishirini na tano nyuma yake ni nyeupe, hajawahi kufika huko. Saa kumi jioni mumewe amerudi, mdogo wake anafunga dirisha la mbele, na sote tunamtazama akishusha shuka kutoka msumarini. Ngozi yake ni safi. Mchana kutwa hakujikuna hata mara moja, na mimi nimeshaanza kutabasamu.

Lakini hatii uzi kwenye sindano. Ananyoosha vidole, anavikunja, ananyoosha. Vimekaza tangu saa nane, anasema. Kidogo tu.

"Kidogo si kitu," mumewe anasema taratibu. "Vimekaza kidogo tu, mama. Acha leo. Nani atajua?"

Anamtazama mumewe kwa upendo mwingi, mpaka mimi naangalia pembeni. Kisha anachukua uzi wa bluu, anaulowesha mdomoni, na mara ya tatu unapita kwenye tundu la sindano. Anashona mshono mmoja, mdogo, ulionyooka.

"Alama ikidanganya, nguo inapotea," anasema. "Na nguo yenyewe ni mimi."

Analitundika shuka msumarini. Anakipangusa vumbi kile kipande cha sabuni, anakirudisha rafuni, na kumwambia mdogo wake kwamba kesho wanaanza kuhesabu tena, moja.