Jani la Isale kwenye Kioo cha Simu

Mdogo wangu akichora, watu wanatabasamu. Nikichora mimi, watu wanasoma. Ningeambiwa nichague ningechukua hayo matabasamu, na nasema hivyo bila aibu.

Sote wawili tunatengeneza programu za simu, mimi Njoro, yeye Rau. Chama cha wakulima wa kahawa cha kwetu Kibosho kilitaka programu ya kuwatangazia wanachama siku ya kupeleka kahawa. Kikatuambia kila mmoja alete ya kwake, wazee wajaribu, wachague moja. Mama ni mwanachama. Kazi niliitaka, lakini zaidi nilitaka Mama achague yangu mbele ya watu.

Simu za kule ni ndogo, vioo vimepasuka, na zinasomwa shambani juani. Kwa hiyo niliweka herufi nene nyeusi juu ya weupe, basi. Mdogo wangu akaweka herufi nyembamba za njano juu ya kijani, na tunda la kahawa linaloruka ukiligusa. Na ukifungua tu, jani la isale linapeperuka.

Jumapili baada ya misa tukakutana ukumbini. Mama akashika yangu, akasoma kila neno bila miwani, akanirudishia. "Sawa," akasema. Sawa tu. Ya mdogo wangu hakusoma hata neno. Aligusa lile tunda likaruka, akacheka, akaligusa tena, akamwita jirani yake aje aone. Roho iliniuma mpaka nikaangalia pembeni.

Ndipo mzee mmoja akainua simu, akauliza, "Nani ametukosea?"

Kwetu isale si pambo. Aliyekosa humpelekea jani hilo aliyemkosea, na ukishaletewa huwezi kukataa kusamehe. Mdogo wangu amekulia shule za bweni Dar. Yeye aliona tu jani zuri mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, akalichora. Alinigeukia macho yamemtoka. Mimi nikakaa vizuri kwenye benchi. Leo umepatikana, nikasema moyoni.

Mwenyekiti wa chama akasimama. Nilidhani atamkemea. Kumbe akavua kofia, akasema jani ni la kwake: msimu uliopita lori halikuja, watu wakangoja barabarani, kahawa yao ikanyeshewa, na hakuwahi kuomba radhi. Wazee wakatazamana.

"Isale imeletwa," yule mzee akasema. "Tufanyeje? Tumesamehe."

Watu wakapiga makofi, na programu ya mdogo wangu ikapita bila kupingwa. Mimi hata kupiga makofi ilinibidi, maana Mama alikuwa ananiangalia.

Jioni mdogo wangu akanipigia. "Dada, wazee hawawezi kusoma herufi zangu. Naomba zako." Nikampa. Ningemnyima, Mama ningemwambia nini?

Siku nilipopanda kumsalimia Mama, nilimkuta kando ya migomba na jirani yake, simu mkononi, jua kali. Jani likapeperuka, tunda likaruka. Kisha akamsomea jirani tangazo lote kwa sauti, bila kukwama, kwa zile herufi nene nyeusi.

"Siku hizi unasoma bila miwani?" jirani akauliza.

"Si huyu kitinda mimba wangu," Mama akasema. "Anajua kutengeneza." Akaniona nimesimama. "Karibu, mama. Kazi ya mdogo wako umeiona?"

"Shikamoo, Mama," nikasema. "Nimeiona."