Barua Arobaini na Moja za Mjomba

Mimi ndiye niliyeibadilisha ile amri, na sitaki kumsingizia mtu. Nilikuwa nimechoka. Ofisini kwetu, ghorofa ya tatu juu ya duka la vitambaa, tunaandika programu ya miadi ya zahanati. Kila kazi ina tawi lake, yaani nakala yake ya pembeni, kwenye kompyuta yako, na ukimaliza unaandika amri ya kusukuma, kazi inakwenda kwenye ghala la pamoja ambako wote tunaiona. Ubaya wake, amri ile ilisukuma kila tawi ambalo ghala linalijua, liwe limeiva au bichi. Mjomba akisukuma kazi moja, mbichi zake tano zinafuata nyuma. Wiki iliyotangulia, mbichi yake moja ilifanya wagonjwa wote wapangiwe saa mbili na robo asubuhi.

Mjomba si mjomba wa mtu pale. Ni mwenzetu mwenye mvi, imebaki miaka mitatu astaafu, na vidole vyake vinaandika amri hiyo vyenyewe huku yeye akitafuta miwani iliyo kichwani kwake. Bosi wetu, mama mmoja asiye na maneno mengi, alifundishwa kazi na yeye, na mpaka leo anamwita Mwalimu.

Basi Jumatatu nikapita meza kwa meza nikibadilisha. Kuanzia leo, nikawaambia, amri inasukuma lile tawi ulilo nalo mkononi tu, hata kama ghala halijawahi kuliona. Mjomba akanuna. Eti nimemkata mkono wa kulia. Nikamwambia apunguze deko.

Kumbe Mjomba alikuwa na tawi la siri. Kila akiudhika aliandika humo barua ya kuacha kazi, akaihifadhi, hasira zikashuka, akaendelea na kazi. Miaka minane. Ghala halikulijua tawi hilo, kwa hiyo amri ya zamani ililiruka. Siku ile, kwa sababu yangu, akaandika ya arobaini na moja. Akahifadhi. Vidole vikasukuma, na kwa amri yangu mpya barua zote zikaenda ghalani, wazi kwa kila mtu.

Nilimwona akiganda. Nikachungulia kioo cha kompyuta yake, nikaziona. Miaka mitatu tu imebaki, na mimi ndiye nimemfukuzisha! Kabla hatujafuta chochote, bosi alishatoka chumbani kwake na kompyuta mkononi, akaketi mezani petu, akaanza kuzisoma kwa sauti. Chai nyepesi. Mikutano isiyokwisha. Barua ya kumi na tisa yote ilihusu kiti kinacholia. Nikacheka, Mungu anisamehe, kisha nikameza kicheko.

“Mimi siondoki,” Mjomba akasema. “Hizo ni hasira tu.”

“Najua, Mwalimu. Lakini barua ya kwanza ina mstari ulioufuta kwenye ya pili, na ghala limeutunza.” Akausoma taratibu: siku hizi nusu ya mnayozungumza siyaelewi. “Kwa nini hukuniambia?”

Mjomba akavua miwani. “Ningekuambiaje, na mimi ndiye niliyekufundisha?”

Bosi akasogeza kiti karibu naye, akamwomba aanze na lolote lisiloeleweka, hata dogo. Mjomba akaninyooshea kidole: aanze huyu, aeleze upya hiyo amri yake. Nikaeleza polepole, kwa aibu, mara tatu. Mara ya tatu bosi akachukua kalamu akaanza kuandika; kumbe naye alikuwa hajaielewa.