Kitufe Kisichotaja Jina

Mjukuu wangu Saburi haoni. Surua ilimpitia akiwa bado ananyonya, ikamwachia uhai, ikachukua macho. Nyumbani kwake hapa Kisarawe, kule mteremko unakoanza kuelekea Pugu, ana sharti moja: ukivuka kizingiti, taja jina. Hata kama ulitoka tu kumwaga maji ya ukoko, ukirudi useme. Mkewe Kudra ameolewa na sharti hilo na hajalilalamikia.

Mimi nilikuwa nikiingia kimya makusudi. Nasimama nyuma ya kiti chake nimebana pumzi. Saburi anageuza shingo pole pole na kusema, "Kuna mtu." Hasemi "bibi." Anasema "kuna mtu," kwa sauti ya chini, na mimi mwenyewe mwili unanisisimka, najiuliza kama ni mimi anayenisema au yuko mwingine nyuma yangu.

Anafanya kazi na redio moja ya Kibaha, bila kutoka nyumbani. Watu wa vijijini wakifiwa wanampigia simu. Anauliza jina la marehemu, maziko ni wapi, na ndugu gani watajwe, anaandika kwenye kompyuta, anatuma, na Atupele mtangazaji anasoma hewani. Huku kwetu tangazo likisahau kuwataja ndugu wa Kurui, ndugu wa Kurui hawaji mazikoni, na kwenye arobaini hawaji pia. Ndiyo maana mimi langu nilimwandikisha mapema, nikiwa na akili zangu. Nilitaja ukoo mzima, wa Marui, wa Kurui, wa Mlandizi, mpaka Mwinyijuma mtalaka wangu, ili aumie roho. Saburi akalihifadhi huku akicheka.

"Sasa bibi, nilitume lini?"

"Siku utakayooa mke wa pili, mume wangu. Nitakufa kwa wivu hapo hapo mlangoni."

Lakini kazi yenyewe haikuwa ya kucheka. Kabla ya kuipata alizunguka maofisi mpaka viatu vikaisha. Wakisikia haoni, wanampa kiti na soda, kisha kwaheri. Bertha, mkuu wa redio, ndiye pekee aliyempokea, na siku ya kwanza alimwambia, "Saburi, tangazo la kifo halikosewi. Ukimzika mtu aliye hai, kazi imekwisha."

Kompyuta yake inasema. Kila anapogusa, sauti ya mwanamume mwenye mafua inamsomea kilichopo: "Kitufe, hifadhi. Kitufe, tuma. Kitufe, futa." Kila kimoja kinajitaja, kama wageni wa nyumba ile.

Basi vijana waliotengeneza ile programu ya matangazo wakasema wanaleta toleo jipya. Saburi akampigia mkubwa wao, Silvanus, aliyeko Dar. Nilikuwepo.

"Kaka, vitufe vitataja majina kama zamani?"

"Usijali, bro. Hili toleo kali. Limetulia, lina rangi mpya kabisa."

"Rangi," alisema Saburi.

"Utalipenda."

Toleo likaingia asubuhi moja ya manyunyu, lenyewe, bila hodi. Kudra alikuwa amekwenda kwao Mlandizi. Saburi alinieleza baadaye yaliyomkuta. Aligusa, sauti ikasema, "Kitufe." Akasogea. "Kitufe." Akasogea tena. "Kitufe." Alisema ilikuwa kama kuingia sebuleni kwako ukakuta watu wameketi kimya ukutani, unawauliza ni nani, na kila mmoja anakujibu, "Mtu." Alimpigia Silvanus, simu ikaita mpaka ikachoka. Na palikuwa na msiba Marui unaosubiri kutangazwa. Akafuata mazoea ya vidole, akabonyeza.

Mimi nilikuwa kwangu namenya mihogo, redio iko dirishani. Atupele akasoma habari za Marui. Kisha, kwa sauti ile ile tulivu, akasema Bi Zuleha binti Abdulwahab wa Kisarawe amefariki dunia, atazikwa leo.

Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa inaendelea kumenya. Akataja wa Kurui, akataja wa Mlandizi, na alipofika kwa Mwinyijuma nikajua hakuna Zuleha mwingine. Ni mimi.

Nikatoka nje. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Jirani yangu Biubwa alikuwa akipita, kanga kichwani.

"Biubwa! Umesikia vituko hivi?"

Alisimama. Hakunitazama. Midomo ikawa inacheza, anasoma dua, halafu akageuza njia. Huku kwetu aliyetangazwa kufa akikuita, huitiki. Wakapita wanaume wenye majembe, wanaelekea makaburini. Nikawasalimia kwa majina, hakuna aliyeitikia. Mmoja alilikumbatia jembe kifuani kama mtoto. Nimesema uongo mwingi katika umri wangu, nimewaambia watu kwamba nilishawahi kumpanda kiboko kuvuka Ruvu, na wakaniamini. Siku hiyo nasema, "Mimi mzima," neno la kweli tupu, na hakuna wa kulipokea. Nilipofika kwa Saburi nilikuwa nimeshaanza kujishika shika mwenyewe.

"Hodi. Mimi Zuleha."

Ndani kimya. Ile sauti ya mafua tu: "Kitufe."

"Nani?" aliuliza Saburi.

"Zuleha. Mkeo."

"Bibi Zuleha ametangazwa sasa hivi."

"Nimerudi. Huko nilikokwenda kuna foleni."

Hakucheka. Alinyoosha mkono hewani, ukasubiri hapo. Nikampa wangu. Akaupapasa, akaunusa, ukamnukia mihogo.

"Bibi, nimekuua," akasema, na machozi yakamtoka. "Bertha akisikia, sina kazi."

"Hujaniua vizuri. Rekebisha kabla kaburi halijafika kiunoni."

Akajaribu simu ya Atupele, imezimwa, maana hawaingii nayo studioni. Na studio yenyewe haipokei habari za vifo kwa simu tangu walevi walipomtangaza mkwe wao. Kanusho lazima lipitie mashine ile ile, kwenye vitufe vile vile visivyo na majina. Akaliandika. Kuandika kulikuwa rahisi. Kutuma ndiko kulikokuwa na shida: kitufe kimoja kingelifuta, kingine hakijulikani kingefanya nini.

Yeye anasoma, haoni. Mimi naona, sisomi.

"Bibi," akasema, "leo tu. Usinidanganye."

"Leo tu."

Akasogeza. "Kitufe." Kimraba cha buluu kikazunguka picha.

"Pipa lenye mfuniko," nikasema.

"Hicho kinafuta." Akasogeza. "Kitufe."

"Karatasi iliyokunjwa kama ndege, ile wanayorusha watoto."

Akatulia, akaikumbuka nafasi yake, akasogeza tena aone vinakoishia. "Kitufe."

Kile kimraba kikapotea.

"Hapa je?"

"Hapa hapana kitu."

"Bibi!"

"Wallahi, Saburi. Peupe. Hapana kitu."

Akarudi nyuma, akaja mbele. Sauti ikasema vile vile, bila haraka: "Kitufe." Nikasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Palikuwa peupe kama sanda.

"Kuna mtu," akasema Saburi. Kisha, taratibu, "Hapo ndipo nilipobonyeza asubuhi."

Akarudi kwenye ndege, akabonyeza. Tukakaa tunasikiliza redio. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine. Ndipo Atupele akaomba radhi, akasema Bi Zuleha yu hai. Kule makaburini majembe yakanyamaza.

Bertha akapiga mara hiyo hiyo.

"Saburi, nilikwambia nini?"

"Uliniambia halikosewi. Dada, kuna kitufe kisichoonekana. Mwite Silvanus tuzungumze wote."

Silvanus akaingia kwenye simu. "Hakuna kitu kama hicho, kaka. Nimeitengeneza mimi."

Saburi hakubishana. Aliweka simu karibu na mashine, akasogeza kidole.

"Kitufe."

Kule Dar tukasikia kibodi ikigongwa haraka, kisha ikaacha.

"Kilikuwa cha majaribio," akasema Silvanus kwa sauti ndogo. "Kinatuma yote yaliyohifadhiwa. Nilikificha tu watu wasikione, nikasahau kukitoa."

"Mimi nimekiona," akasema Saburi.

Bertha akaamuru toleo la zamani lirudishwe. Akasema kazi bado ni ya Saburi, na jipya haliingii redioni kwake mpaka Saburi alipitie kwanza.

Silvanus alilileta tena, mwenyewe, amelibeba kwenye kompyuta yake mpaka Kisarawe. Safari hii kila kitufe kilijitaja vizuri, tuma, futa, hifadhi. Silvanus akatabasamu, akaanza kufunga begi.

"Subiri," akasema Saburi.

Alikuwa amepita kitufe cha mwisho na bado anasogeza kidole, sikio amelitega, anamsikiliza aliyeamua kunyamaza.