Jicho Langu la Kulia

Leo kofia ya bodaboda ilininukia sponji yenye jasho, nikawa mtoto tena kwenye uwanja wa mchezo wa kupigana kwa bunduki za rangi. Kioo cha kinyago changu cha kukinga uso kilijaa mvuke, sikuona kitu. Baba, askari, alikuwa ameniambia nisikivue mpaka filimbi ilie. Binamu yangu alikuwa amepandisha chake kichwani.

"We afande, vua ufute," alinicheka.

Nilitikisa kichwa tu. Hapo hapo risasi ya rangi ikanipiga usawa wa jicho la kulia, kioo kikawa njano tupu. Binamu alishusha chake kimyakimya.

Filimbi ilipolia nilivua kinyago, nikafumba jicho la kushoto, nikamtazama binamu kwa la kulia. Nilimwona mpaka jasho la puani.