Maembe Mabichi ya Maman Lata

Juzi niliona maembe mabichi dukani, kwenye barabara ya Chaussée de Wavre huku ughaibuni, na mara pua yangu ikakumbuka harufu ya mayai yaliyooza.

Mchana ule wa utotoni mwangu, joto lilikuwa limejaa katika nyumba yetu ya ghorofani, mtaa wa Ixelles. Mama alikuwa amelala sakafuni, kichwa kikimzunguka. Jirani yetu Maman Lata, Mhindi lakini mzaliwa wa Bujumbura kama mama, alichoma maembe mabichi kwenye moto wa gesi mpaka maganda yakawa meusi. Akayaponda majini, akatia sukari, binzari nyembamba na chumvi nyeusi. Hapo ndipo jiko lilipoanza kunuka mayai yaliyooza.

“Kunywa, dada. Itakupoza,” akamwambia mama, akimpa glasi.

Leo, baada ya chuo kikuu na mengineyo, najua kwamba chumvi ile hunuka hivyo. Siku ile nilijua tu kwamba mama yangu anauawa. Nikamnyang’anya glasi, nikanywa yote, ili nife mimi badala yake.

Kinywaji kilikuwa kitamu, na hilo lilinishtua kuliko kifo chenyewe.

“Bon,” mama akasema polepole, “mgonjwa ni nani hapa, mimi ao wewe?”

Nilikuwa nimejilaza kando yake nikingoja kufa, huku nikitamani kwanza niongezewe glasi moja.